Straika wa milioni 300 ambaye hakununuliwa

Ndugu Mhariri,

Kila dirisha la usajili linapokaribia, kurasa za michezo hugeuka mnada wa soko la samaki la Feri: mwenye sauti kubwa ndiye anayeuza, samaki awe mbichi au ameshaanza kunuka. Hatuna ugomvi na ushabiki. Yanga ilianza 1935, Simba 1936, na gazeti la michezo lisilo na utani wa jadi litaishia kufungia vitumbua kabla halijasomwa. Ugomvi wetu ni maoni yanayovalishwa kanzu ya habari, na tungependa kuonyesha yanavyovalishwa, maana mbinu zenyewe ni chache na zinajulikana na kila aliyewahi kukaa kwenye dawati la michezo.

Tuanze na pesa, kwa mfano wa kubuni ambao kila msomaji atautambua. Mshambuliaji amemaliza mkataba huko alikotoka. Ni mchezaji huru, kwa hiyo hakuna klabu inayolipwa ada ya uhamisho hata senti moja. Anasaini miaka 2 kwa mshahara wa shilingi milioni 10 kwa mwezi, na anapewa milioni 60 za kusaini. Mwandishi anazidisha 10 kwa miezi 24, anapata 240, anaongeza 60, na kesho yake ukurasa wa mbele unapiga kelele: "STRAIKA WA MILIONI 300 ATUA". Hesabu haina kosa. Kosa ni jina iliyopewa hiyo hesabu. Msomaji anaelewa kwamba klabu imebeba milioni 300 ikampelekea mtu, kumbe siku ile zimetoka 60, na zilizobaki ni mishahara ambayo huenda hata haitalipwa yote, kwa sababu mkataba unaweza kusitishwa katikati. Oktoba ikifika hajafunga bao, jukwaani wanamdai milioni 300.

Kuna ada ya uhamisho, ambayo klabu huilipa klabu. Kuna pesa ya kusaini, inayokwenda kwa mchezaji. Kuna mshahara. Kuna na ya wakala, ambayo mara nyingi haitajwi kabisa. Mhariri akimuuliza mwandishi "hiyo ni pesa ipi, na nani kaipokea?" na mwandishi akababaika, tarakimu itolewe. Habari inaweza kutoka bila tarakimu. Haitapungua utamu kiasi hicho.

Ajabu ni kwamba pesa zenye habari ya kweli hazigusi mtu. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada igawiwe klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una robo asilimia. Kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una nusu asilimia. Kwa ada ya dola milioni 1, klabu iliyokaa na kijana msimu mmoja akiwa na miaka 17 inastahili dola 5,000. Kwa timu ya mkoani hiyo ni nauli za safari nyingi za ugenini. Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, swali zuri kwa dawati la michezo la Dar es Salaam lilikuwa: klabu zetu alizopitia kabla ya TP Mazembe zinapata ngapi, na kumbukumbu za usajili wake wanazo? Atakayetaka kuandika habari ya namna hiyo leo anahitaji tarehe ya kuzaliwa ya mchezaji, orodha ya usajili wake msimu kwa msimu, na asubuhi moja ya kupiga simu.

Mbinu ya pili ni kufua chanzo. Jumapili timu imefungwa. Saa 4 usiku mtu "wa karibu na uongozi" anamtumia mwandishi ujumbe wa WhatsApp kwamba kocha anaondoka. Usiku huohuo unawekwa mtandaoni ukiwa na alama ya kuuliza mwishoni. Saa 1 asubuhi mtangazaji wa redio anausoma, wachambuzi watatu wanaujadili saa nzima, na alama ya kuuliza imeshadondoka njiani. Jioni gazeti la kesho linafungwa na sentensi hii: "kwa mujibu wa vyanzo mbalimbali". Vyanzo mbalimbali ni ule ujumbe mmoja, umezunguka mji ukarudi umevaa suti. Wanaofanya hivi wengine huwaita makanjanja, lakini baadhi yao wamesoma uandishi na wanajua wanachokifanya.

Kwenye ujumbe kama huo jambo la kutazama ni saa. Umetumwa baada ya kipigo, au wiki ya mkutano mkuu wa klabu? Basi aliyeutuma ana jambo analotaka lifunikwe. Umetoka kwa wakala mwezi mmoja kabla mkataba wa mteja wake haujaisha? Anapandisha bei. Vyanzo viwili vinahesabika kuwa viwili pale tu ambapo havikusikia kwa mtu mmoja. Na wakala si chanzo cha bei ya mchezaji wake, kama ambavyo dalali si shahidi wa thamani ya nyumba anayoiuza.

Halafu kuna maneno yenye maana ya kisheria ambayo sisi tunayatumia kama viungo vya mchuzi. "Kuporwa" ni mojawapo. Ibara ya 18 ya kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji inasema klabu inayomtaka mchezaji mwenye mkataba iiandikie kwanza klabu yake kabla ya kuzungumza naye, na kwamba mchezaji anaweza kusaini kwingine mkataba ukiwa umeisha au umebakiza miezi 6. Kwa hiyo mwenye mkataba unaoisha Juni 30 akisaini kwingine Januari, hajaporwa na mtu. Klabu yake ilichelewa kumpa mkataba mpya, na hapo ndipo habari ilipo.

"Kuvunja mkataba" ni neno jingine. Desemba 2022 kiungo Feisal Salum aliaga Yanga baada ya kuweka zaidi ya shilingi milioni 110 kwenye akaunti ya klabu. Neno "kavunja" likasambaa kana kwamba kuweka pesa benki na kuvunja mkataba ni kitu kimoja. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho letu la soka, ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Alihamia Azam FC katikati ya 2023, baada ya klabu hizo mbili kukubaliana. Maswali ya siku ya kwanza yalikuwa mepesi: mkataba una kipengele kinachoruhusu kuuvunja kwa kiasi fulani? Unaisha lini? Nani ana mamlaka ya kuutafsiri? Badala yake nchi nzima ikabishana miezi kadhaa kuhusu madai kwamba alikuwa akila ugali na sukari.

Machi 8, 2025 ikawa hivyohivyo. Simba ilisema haitapeleka timu baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa jioni ya kuamkia mchezo, Bodi ya Ligi ikaahirisha dabi, na ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Msomaji alihitaji kifungu cha kanuni za ligi kuhusu mazoezi ya timu mgeni, kifungu cha nani anaweza kuahirisha mchezo, na adhabu ya timu isiyofika uwanjani, vikinukuliwa neno kwa neno kwenye kisanduku kimoja. Akapewa mjadala wa nani anamwogopa nani.

Kuhusu uchambuzi tutasema kidogo. Mchambuzi ana haki ya kusema mshambuliaji fulani "ameisha", ila atoe kipimo. Ligi yetu ina timu 16, mechi 30, yaani dakika 2,700. Mwenye mabao 6 kwa dakika 540 anafunga bao moja kila dakika 90. Mwenye mabao 10 kwa dakika 1,800 anafunga nusu bao. Jedwali la wafungaji linamweka huyu wa pili juu, na redioni yule wa kwanza anaitwa mzigo kwa sababu anaanzia benchi. Gawa mabao kwa dakika, zidisha kwa 90. Simu yoyote inafanya. Na mchambuzi anayesoma mkeka wa kampuni ya kubeti inayomlipa, maneno yake yaandikwe "tangazo", hata kama ni mchambuzi hodari.

Tunachoomba kwenye gazeti lako kinafanyika bila kuongeza mtu. Safu ya maoni iwe na neno MAONI juu yake, jina la mwandishi, na herufi tofauti na za habari. Kichwa cha habari kisidai kitu ambacho aya tatu za kwanza haziwezi kukithibitisha. Tetesi ikichapwa, dawati liweke daftari: tarehe, mwandishi, klabu, ilitimia au haikutimia. Dirisha likifungwa, daftari lisomwe mbele ya kikao cha wahariri, tena kwa sauti. Na kisahihisho kitoke palepale kosa lilipotokea. Kosa la ukurasa wa 1 kwa herufi nene haliwezi kusahihishwa ukurasa wa 14, chini ya matokeo ya ligi ya Ureno. Sentimita sita za safu moja, pembeni ya picha kubwa, zinatosha.

Wahariri wastaafu wa dawati la michezo,
Dar es Salaam