Muuza dawa aulize kwanza habari za figo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotutia wasiwasi sisi tunaowauguza nyumbani wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa figo.

Shemeji yangu alitolewa figo moja iliyokuwa imeharibiwa na mawe. Wiki ya tatu baada ya kurejea nyumbani hapa Kondele, kidonda kikiwa kimeshikana vizuri, mgongo ulianza kumuuma, akamtuma kijana duka la dawa kuomba diclofenac, dawa ya kutuliza maumivu. Kijana alirudi na kibahasha cha kaki kilichoandikwa kwa kalamu "1x3", bila jina la dawa. Nilipokwenda kuhakikisha, niliambiwa kuwa ni diclofenac kweli, "kali kuliko Panadol". Hakuna aliyekuwa ameuliza mgonjwa ni nani.

Dawa za jamii hiyo, zikiwemo ibuprofen na naproxen, hutuliza maumivu na uvimbe kwa kuuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, yaani kemikali za mwili zinazochochea maumivu na uvimbe. Lakini prostaglandini hizo hizo ndizo huiacha wazi mishipa midogo inayopeleka damu kwenye figo, hasa mtu anapopungukiwa na maji mwilini, kwa kuhara, kutapika au jua hili letu la Kisumu. Mwenye figo mbili nzima huenda asidhurike kwa siku mbili tatu, ila aliyebaki na moja hana akiba kubwa. Hatari huzidi ikiwa anameza pia dawa za shinikizo la damu kama enalapril au losartan, pamoja na za kuongeza mkojo. Naye aliyepandikizwa figo na anayetumia tacrolimus, dawa ya kuuzuia mwili usiikatae figo hiyo, hafai kabisa kuzigusa bila idhini ya daktari wake.

Sisemi kwamba dawa hizi ni sumu. Maumivu ya mawe ya figo hutulizwa vyema na sindano ya diclofenac, na nadhani ndiyo sababu shemeji aliitaja kwa jina: ilimwokoa usiku mmoja kabla ya upasuaji, akaamini ni dawa ya figo. Hata baada ya upasuaji, daktari anaweza kuamua kumpa mgonjwa fulani kwa siku chache wodini, ambako kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi, hupimwa na mkojo huangaliwa. Kujinunulia na kumeza wiki nzima nyumbani ni jambo jingine.

Ombi langu kwa hospitali ni kwamba karatasi ya kumruhusu mgonjwa aende nyumbani itaje dawa hizi kwa majina, kwa Kiswahili au Kijaluo, na kando yake iandikwe anachoweza kutumia, kwa mfano paracetamol, na kiasi chake kwa siku. Wauza dawa nao waulize swali moja kuhusu figo kabla ya kuhesabu vidonge, kisha waandike jina la dawa kwenye bahasha. Shemeji alikuwa amemeza vidonge viwili tu nilipomzuia, na kwa kuwa bahasha haikuwa na jina, ilibidi niende dukani kuhakikisha ndipo nimweleze daktari alichomeza.

Mkazi wa Kondele,
Kisumu