Mkataba wa vibanda vya simu useme nani atang'oa

Mhariri,

Halmashauri inapokaa mezani na kampuni ya simu au ya intaneti kuipa nafasi kwenye hifadhi ya barabara, mabishano huwa juu ya ada ya mwaka na idadi ya vibanda. Kifungu cha siku ambayo kibanda hakilipi tena husahaulika, na ndicho kinachoumiza.

Simu ya sarafu ni biashara ya senti. Kampuni hulipia laini kila mwezi, ipigwe isipigwe, kisha humtuma fundi kukusanya sarafu. Akifika anakuta tundu limezibwa kwa kipande cha bati, au waya wa mkono wa simu umekatwa japo umevikwa chuma. Safari moja kama hiyo yaweza kumeza mapato yote ya kibanda. Asiyebanwa na mkataba hatengenezi wala haondoi, kwa sababu kukiacha kifie pale pale ndiko rahisi kuliko yote.

New York walilijua hilo. Huko mabango ya ubavuni mwa vibanda yalikuja kuingiza fedha nyingi kuliko simu zenyewe, na mwaka 2014 jiji likasaini na CityBridge, muungano wa kampuni, mkataba wa miaka 12. Simu za zamani zingeondolewa, ziwekwe nguzo za LinkNYC zenye skrini mbili za matangazo za inchi 55, Wi-Fi na simu za ndani ya Marekani bila malipo, pamoja na kitufe chekundu cha dharura. Jiji liliahidiwa si chini ya dola milioni 500 na nguzo 7,500. Za kwanza zilianza kutumika Januari 2016. Septemba ya mwaka huohuo walilazimika kuzima kivinjari cha intaneti kilichokuwa kwenye nguzo hizo, maana watu walihamia hapo na viti vyao, wengine wakitazama picha za ngono barabarani.

Hilo lilitibika. Matangazo kutolipa ndiyo ikawa shida. Kufikia 2021 nguzo hazikuwa zimefika 2,000, zilizo nyingi ziko Manhattan, katikati ya jiji, kwenye watangazaji, na jiji lilikuwa likiidai CityBridge makumi ya mamilioni ya dola. Mkataba ulipofumuliwa mwaka huo kuruhusu nguzo za 5G za futi 32, likaongezwa sharti kwamba asilimia 90 zisimikwe nje ya sehemu ya Manhattan iliyo kusini mwa mtaa wa 96. Sharti hilo lilipaswa kuwemo tangu 2014, tena kwa utaratibu wa kupokezana: hupati kibali cha nguzo ya katikati ya mji kabla ya kuwasha ya pembezoni.

Kwetu ningeongeza haya. Mgawo wa halmashauri uhesabiwe kwenye mapato ghafi. "Faida" hupikwa kwa gharama za ofisi hadi inabaki sifuri. Kila kibanda kiwe na mita yake ya umeme ya LUKU, la sivyo umeme wake utajikuta kwenye bili ya taa za barabarani. Njia ya waenda kwa miguu ibaki na upana wa mita 1.8, viti viwili vya magurudumu vipishane.

Na kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, iwekwe dhamana ya benki kwa kila kibanda, inayotosha gharama ya kukiondoa kikamilifu. Kikamilifu maana yake umeme ukatwe kwenye chanzo chake, nyaya zivutwe na bomba lizibwe, zege livunjwe na matofali yarudishwe. Mkandarasi wa haraka hukata nguzo kwa msumeno na kuacha boliti nne zimechomoza kwenye zege, na usiku watu wanajikwaa. Kibanda kikikaa siku 60 bila kufanya kazi, halmashauri iwe na haki ya kukiondoa na kujilipa kutoka kwenye dhamana hiyo bila kwenda mahakamani.

Mhandisi wa mawasiliano,
Dar es Salaam