Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: Kinundu kinachofuata mwezi

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum. Mimi ni fundi wa kushona nguo, mkaazi wa Likoni. Mwanangu wa pili nilimzaa kwa upasuaji. Kovu likapona, nikalisahau. Mwaka na nusu baadaye, nikijifunga leso, nikagusa kinundu pembeni mwa kovu, kigumu, kama korosho chini ya ngozi.

Kwanza niliambiwa ni uzi wa mshono. Kisha ikawa ngiri, nisibebe mitungi ya maji. (Likoni hii, Mheshimiwa, mtu asibebe maji?) Wa tatu akasema jipu, akadunga sindano avute usaha, ikatoka damu kidogo, nzito, nyeusi. Akanifunga bendeji, nikarudi zangu kupanga foleni ya feri. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Hakuna aliyeniuliza: kinauma lini? Na jibu nilikuwa nalo ukutani. Kwenye kalenda yenye tarehe za Kiislamu huweka alama nyeusi siku za hedhi, ninazoacha swala na saumu, nipate kujua deni langu la Ramadhani. Nikaanza kutia na siku za maumivu, kwa kalamu nyekundu. Miezi minne mfululizo, nyekundu ilikaa palepale penye nyeusi. Nikaikunja kalenda nikaenda nayo. Daktari mmoja kijana akaitandaza mezani, akaitazama kimya, ndipo niliposikia neno endometriosisi.

Alinieleza kwamba tishu inayofanana na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota mahali pasipo pake. Kwa waliopasuliwa, inadhaniwa chembe zake hunasa kwenye jeraha wakati wa upasuaji, kisha huitikia homoni za hedhi: huvimba, huuma. Shirika la Afya Duniani linasema endometriosisi huwapata wanawake na wasichana wapatao milioni 190. Hii ya kwenye ukuta wa tumbo ni nadra, sikatai. Lakini kinundu, kovu la uzazi na maumivu ya kila mwezi vikikutana, mtu asikimbilie ngiri.

Ninachoomba si mashine mpya. Naomba swali moja liingie kwenye kadi za kliniki za mama na mtoto na za uzazi wa mpango: kovu lako linauma, na linauma siku gani? Wapo wanaoumwa siku zote, kwa hiyo jibu la "hapana, si kwa mwezi" lisifunge faili. Anayepiga picha ya ultrasaundi aandikiwe kwamba mgonjwa alijifungua kwa upasuaji, maana akiandikiwa "uvimbe" tu atatafuta uvimbe tu. Na kikikatwa, kipande kiende maabara, kisitupwe. Hapo ndipo uhakika ulipo.

Dawa za homoni zilinipunguzia maumivu, kinundu kikabaki. Kilitolewa mwezi wa Shaabani pamoja na ukingo wa nyama nzima kukizunguka, kisirudi. Majibu ya maabara yalithibitisha. Ramadhani iliyofuata niliacha siku sita, na nyekundu hakuna.

Kalenda ya zamani bado ninayo. Ukiwaita matabibu wako kikaoni, nitavuka nayo.

Wako,
Fundi wa nguo, Likoni