Nyaya za pikipiki zinamaliza simbamarara

Mhariri,

Kila ifikapo Julai 29, Siku ya Simbamarara Duniani, magazeti yetu hurudia habari moja njema: idadi yao inaongezeka. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari. Tunaomba nafasi tueleze nusu iliyobaki.

Kwanza, jina. Mara nyingi huandikwa "chui" tu, na msomaji wa Mikumi au Tsavo akadhani anasimuliwa habari za yule wa madoa anayemfahamu. Simbamarara, ambaye wengine humwita chui milia, ni mnyama wa Asia, kuanzia India hadi misitu yenye theluji ya mashariki ya mbali ya Urusi. Hakuna pori la Afrika analoishi.

Mwaka 2010 nchi 13 zenye simbamarara zilikutana St Petersburg zikaahidi kwamba ifikapo 2022 idadi yao itakuwa mara mbili. Wakati ule walikadiriwa kuwa kama 3,200. Nepal ilivuka lengo, kutoka 121 mwaka 2009 hadi 355 mwaka 2022. India nayo, kwa hesabu ya 2022, ilikadiria wastani wa 3,682. Hata hapo pana tahadhari. Kuwahesabu, kamera hufungwa mbilimbili zikitazamana, moja kila upande wa njia, kwa kuwa milia ya ubavu wa kulia hailingani na ya kushoto, wala hakuna wawili wanaofanana milia. Kamera zinapofikishwa misitu ambayo haikuwa imehesabiwa, hupatikana simbamarara waliokuwepo miaka yote. Kwa hiyo sehemu ya ongezeko hilo imetokana na kuhesabu vizuri zaidi, si kuzaliana.

Kusini-mashariki mwa Asia mambo ni tofauti kabisa. Kambodia ilimpiga picha simbamarara wake wa mwisho mwaka 2007. Laos, kamera hazijamwona tangu 2013. Misitu ya huko ukiitazama kutoka angani bado ni ya kijani, ila ndani hamna wanyama, na chanzo kikubwa ni mtego wa waya.

Mtego huu hauhitaji ufundi mkubwa. Waya wa breki ya pikipiki au baiskeli hufanywa kitanzi, mwisho wake ukafungwa kwenye mti mchanga uliopindwa mfano wa upinde. Mnyama akikanyaga kijiti cha kufyatulia, mti hunyanyuka na kitanzi hukaza mguu. Wawindaji hukata matawi wakajenga uzio mrefu mlimani, wakaacha mianya, na kila mwanya una kitanzi chake. Anayelengwa ni nguruwe mwitu au kulungu wa kuuza nyama mjini, lakini waya haubagui. Simbamarara aliyenaswa hufa kwa kiu baada ya siku kadhaa. Akifanikiwa kuukata, waya hubaki mguuni, jeraha huoza, naye hawezi tena kukimbiza windo. Ndipo anaposogea vijijini kutafuta ng'ombe, na wanakijiji hawamwachi.

Hata asiponaswa, mtego humuua kwa njaa. Simbamarara mmoja huhitaji kama wanyama 50 wa ukubwa wa kulungu kwa mwaka, na jike mwenye watoto huhitaji zaidi. Waya ukishamaliza kulungu, jike hana cha kunyonyeshea.

Kung'oa mitego peke yake hakutoshi, na hili ndilo tunalotaka lieleweke. Kati ya 2010 na 2015 iling'olewa zaidi ya mitego 200,000 katika hifadhi tano tu za ukanda huo, na wanyama wakaendelea kupungua. Waya ni bei ya kutupa. Mtu mmoja hutega kwa siku moja mingi kuliko askari wanavyoweza kuikuta kwa wiki, kwani imefunikwa majani. Kinachohitajika ni sheria inayomshika mtu kwa kupatikana tu na nyaya za kutegea ndani ya hifadhi, hata kama hana nyama mkononi. Pia doria zinazoandika kila njia iliyopitwa na kila mtego uliokutwa, ili kesho askari wapelekwe panapotegwa. Katika hifadhi ya Huai Kha Khaeng, magharibi mwa Thailand, doria za namna hiyo zimeendeshwa kwa miaka mingi na simbamarara wamerudi kuongezeka.

Sisi huku waya huo tunaujua. Serengeti hutegewa nyumbu, wakanaswa simba na fisi. Na soko la mifupa ya simbamarara, inayotumiwa Asia kwa dawa za asili, limeshafika Afrika: mifupa hiyo ilipokuwa adimu, wanunuzi wa Asia waligeukia ya simba. Mwaka 2017 Afrika Kusini iliruhusu mifupa ya simba 800 wa kufugwa isafirishwe nje. Mahakama ya Pretoria ilitamka mwaka 2019 kuwa kibali hicho kilikuwa kinyume cha sheria.

Kwa hiyo, Mhariri, Julai ijayo mkichapisha idadi ya India na Nepal, tunaomba chini yake mchapishe pia ile ya Kambodia na Laos, ambayo ni sifuri.

Wasomaji wenu,
Arusha