Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Fremu, Ghorofa la Kona na Kiwanja cha Wazi

Ndugu wanachama, salaam.

Mwaka huu tuliwazika wenzetu wawili, na umoja wetu wa wakazi ulifika misibani kote. Pole tena kwa familia zao.

Wengi wetu tulihamia huku na karatasi ya ofa, yaani barua ya kugawiwa kiwanja, mkononi, kupitia ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Waliopata Bunju, Toangoma, Kibada au Buyuni wanajua hali ilivyokuwa: pori, bikoni za mipaka, na barabara iliyoonekana kwenye mchoro tu. Pori limekwisha. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, milioni moja na ushee zaidi ya waliohesabiwa 2012, na wote wanahitaji pa kulala. Kwa hiyo asiwepo wa kusema umoja huu unapinga ujenzi. Tunachodai ni kuulizwa kabla ya zege kumwagwa.

Shughuli kubwa ya mwaka ilikuwa ghorofa la kona. Mwenye kiwanja aliomba kubadili matumizi kutoka makazi kuwa makazi na biashara, ajenge ghorofa nne na maduka chini. Tangazo lilikuwa karatasi moja ya A4 iliyogundishwa kwenye nguzo ya geti, nyuma ya michongoma, wino umeshavuja kwa mvua. Aliyeliona ni mama muuza vitumbua, alipoegesha beseni lake hapo. Siku za kupeleka pingamizi zilikuwa zimebaki tatu.

Barua yetu ya kwanza niliiandika mwenyewe usiku, na nakiri ilikuwa ya hovyo. Nilijaza kurasa mbili kwamba jengo litashusha hadhi ya mtaa. Afisa mipangomiji aliisoma kwa heshima, akanirudishia. Akasema, mzee, hadhi siwezi kuipeleka kwenye kamati. Niambie maji taka yataenda wapi, magari yatalala wapi, na dirisha la juu litatazama uani kwa nani. Tukakaa upya, tukajibu hayo matatu tu, majirani kumi na mmoja wakasaini. Kamati ya mipango miji ilikubali ghorofa tatu badala ya nne, maegesho ndani ya kiwanja, na karo la maji taka lihamishwe mbali na kisima cha jirani. Wapo waliotaka lisijengwe kabisa. Mimi naona tulipata zaidi ya tulichostahili, kwa barua iliyofika jioni ya siku ya mwisho.

Sasa nifike penye uchungu. Katika kukusanya ushahidi, fundi wetu mstaafu alipita na futi kamba kupima barabara. Kwenye mchoro ni mita 10. Mbele ya ghorofa la kona alipata mita 10 kamili. Mbele ya nyumba zetu, sisi walalamikaji, alipata mita 8, na mahali pamoja 7 na kidogo. Kilichopungua kimeliwa na kuta, ngazi, na fremu za maduka.

Fremu mbili kati ya hizo ni zangu. Nilizijenga nilipostaafu: moja ya saluni, nyingine ya mpesa na vocha. Hati yangu ya kiwanja inasema makazi. Hati inatolewa kwa masharti, na matumizi ni mojawapo. Ukitaka biashara unaomba kubadili. Sikuomba, kama ambavyo wengi humu hamkuomba. Siku ile ofisini nilipokuwa nikisisitiza sheria ifuatwe, afisa aliniuliza taratibu, "Na hati yako wewe mwenyekiti inasemaje?" Makamu wangu akaanza kusoma kalenda ukutani.

Nimeshapeleka ombi la kubadili matumizi, na ada nimelipa mfukoni mwangu, si kwenye mfuko wa umoja. Ngazi ya saluni iliyotoka nje ya mpaka nimeivunja. Fremu zikikataliwa nitawaomba wapangaji waondoke. Mwenye fremu anayetaka kuandika ombi lake aje, nakala ya langu ninayo.

Kuhusu kiwanja cha wazi karibu na kalavati, habari si mbaya. Alikuja mtu na ofa akidai ni chake, akashusha tripu mbili za mawe. Tulihangaikia nakala ya mchoro wa mipangomiji kwa safari nne (kila safari mwenye ufunguo wa kabati alikuwa msibani au semina). Hatimaye tuliipata, na imeandikwa wazi kwamba hilo ni eneo la wazi. Mtendaji wa mtaa amesimamisha kazi. Ofa ile inachunguzwa, na mpaka nikiandika hapa hatujajibiwa. Mawe bado yapo; vijana wameyafanya magoli.

Fedha: mhazini atawasomea. Kwa ufupi, waliolipa michango ni wachache kuliko wanaouliza imetumikaje.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa moja asubuhi, tutapima barabara yote na kuweka alama ya rangi pale mpaka ulipo, kila nyumba. Fundi atakuja na futi kamba, rangi ninunue mimi. Tutaanzia getini kwangu.

Mwenyekiti