Kibeho na Shakahola hazitiwi kapu moja

Mhariri,

Katika kurasa zako za barua nimekuta mara mbili Wakatoliki wanaokwenda kuhiji Kibeho, nchini Rwanda, ambako wasichana wa shule walisema wamemwona Bikira Maria, wakitajwa kwa pumzi moja na Shakahola. Mmoja wa walioandika alitaka hata serikali itufungie mipaka. Mimi ni katika hao mahujaji. Nilikwenda, nikarudi Mikindani na akili zangu, na naomba nafasi nimjibu.

Hofu yake naielewa. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, hapo Kilifi kwa majirani zetu, mingine ya watoto wadogo. Tangu wakati huo, mtu akisimama hapa Pwani akasema ameona au ameambiwa na mbingu, kila mzazi humvuta mwanawe karibu. Nami huwavuta wajukuu wangu. Ila mwandishi huyo hakuuliza swali moja, nalo ndilo linalotenga mambo haya mawili: huyo aliyesema ameona, nani alimhoji, na kwa muda gani?

Tarehe 28 Novemba 1981, saa za chakula cha mchana, Alphonsine Mumureke, msichana wa miaka 16, alikuwa akiwahudumia wenzake katika bwalo la shule ya Kibeho. Akasikia sauti ikimwita mwana. Akaona mwanamke, akamuuliza ni nani, akajibiwa: "Ndi Nyina wa Jambo." Nilifundisha Kiswahili miaka mingi, na maneno hayo yaliponifikia sikuhitaji mkalimani. Nyina ni huyu nina wa tenzi zetu za kale, mama. Jambo kwa Kinyarwanda ni neno. Mama wa Neno, yaani mama wa yule ambaye Injili ya Yohane yasema alikuwako tangu mwanzo. Hata leo nikiyasema maneno hayo peke yangu jikoni, mwili hunisisimka.

Hakuna aliyemwamini. Wenzake walimcheka, wengine wakasema amelogwa. Alipokuwa katika maono walimchoma sindano na kumsogezea moto ili waone kama atashtuka. Mkali kuliko wote katika kumkejeli alikuwa Marie Claire Mukangango. Januari 1982 msichana wa pili, Nathalie Mukamazimpaka, akasema naye ameona. Machi mwaka huohuo ikawa zamu ya Marie Claire mwenyewe, yule yule mchekaji.

Kanisa nalo halikukimbilia kupiga kengele. Askofu Jean-Baptiste Gahamanyi wa Butare aliunda tume mbili mwaka 1982, moja ya madaktari na nyingine ya wanateolojia, wakawapima na kuwahoji wasichana wale mmoja mmoja. Ruhusa ya watu kusali hadharani mahali pale aliitoa Agosti 1988, na hata hapo hakusema kwamba Bikira Maria ametokea kweli. Maono ya Alphonsine yakakoma tarehe 28 Novemba 1989, miaka minane kamili tangu siku ya kwanza. Tamko lenyewe lilikuja tarehe 29 Juni 2001, likitolewa na Askofu Augustin Misago wa jimbo la Gikongoro, ambalo lilikuwa limekatwa kutoka Butare. Karibu miaka 20, Mhariri. Na baada ya miaka yote hiyo waliokubaliwa ni wale wasichana watatu wa kwanza tu. Wengine wengi waliojitokeza baadaye wakidai wameona hawakuingizwa.

Najua atakayenijibu kwamba Askofu Misago mwenyewe alikamatwa mwaka 1999 kwa tuhuma za mauaji ya kimbari ya 1994. Ni kweli, na mahakama ya Rwanda ilimwachilia Juni 2000 kwa kumkuta hana hatia. Sitaki kulificha hilo, kwa kuwa mtu anayetetea imani yake kwa kuficha mambo huiumiza zaidi. Lakini uchunguzi haukuanza naye. Tume ziliundwa chini ya askofu mwingine, miaka 12 kabla ya 1994, wakati ambapo hakuna aliyejua nchi ile itafika wapi.

Na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Agosti 1982, mbele ya umati, wasichana wale walilia kwa saa kadhaa. Walisema wanaona mto wa damu, watu wakiuana, maiti zimetupwa bila wa kuzizika. Waliokuwapo waliondoka na woga. Ujumbe ulikuwa watu watubu wakati nafasi ingaliko, waache chuki na unafiki. Miaka 12 ikapita. Aprili 1994 maelfu ya Watutsi walikimbilia kanisa la parokia ya Kibeho wakidhani nyumba ya Mungu itawaficha, wakauawa humohumo. Marie Claire naye aliuawa mwaka huo. Mwaka uliofuata, Aprili tena, damu ilimwagika kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani, pale pale Kibeho.

Tulisafiri kwa basi, usiku mbili, kupitia Nairobi na Kampala. Kutoka Huye barabara yapanda na kuzunguka vilima hadi masikio yaziba. Kule ni baridi, na sisi watu wa joto tulitetemeka kama kuku walionyeshewa. Nilitarajia fahari. Nilikuta kilima kimya, kanisa la hija lililotabarukiwa mwaka 2003 kwa jina la Mama wa Mateso, na si mbali nalo lile kanisa la parokia ambako watu waliteketea. Akina mama wa Kinyarwanda walikuwa wamepiga magoti kwenye sakafu tupu wakisali Rozari ya Mateso Saba, ambayo Marie Claire alisema alitumwa kuifufua. Ni ibada ya zamani sana, ya karne nyingi kabla yao, ila ilikuwa imesahaulika. Niliinama nikafikiria Likoni, hapa kwetu Mombasa.

Wasomaji wako wenye umri wangu hawajasahau Agosti 1997. Kituo cha polisi kilivamiwa, watu wa bara wakawindwa nyumba kwa nyumba, na waliosalimika wakajazana katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni na magodoro yao vichwani. Nilipeleka sufuria ya uji pale, na nyuso zile bado naziona. Kabla ya panga kulikuwa na maneno. Tuliyasikia kwenye matatu na feri, na hata sisi tuliotoka kanisani Jumapili tuliyatumia: hawa wa kuja, hawa wenyeji, warudi kwao. Kibeho ilinirudishia maneno hayo mdomoni, nikaona aibu. Nilipotubu kwa padre pale kilimani, kwa Kiswahili changu na Kifaransa chake, dhambi niliyoanza nayo ilikuwa hiyo.

Sasa niwageukie wenzangu Wakatoliki, maana lawama nyingine ni yetu. Simu zetu zimejaa video za jua linalocheza, sanamu inayotoa machozi, sura ya Mama Maria kwenye ukuta au shina la mti, na jumuiya nzima huzisambaza kabla hata paroko hajaziona. Mwaka jana mtu alikuja kwenye jumuiya yetu na chupa za maji aliyosema yametoka Kibeho, shilingi 500 moja. Akina mama wawili walinunua na hela ya karo. Nilimuuliza ametumwa na parokia gani, akakasirika, akaniambia sina imani. Mtu kama huyo ndiye anayempa mwandishi yule sababu ya kututia kapu moja na Shakahola, na hapo mwandishi ana haki.

Kanisa limeshasema kuhusu hayo. Kanuni zilizotolewa Vatikani Mei 2024 zinataja kutafuta faida, madaraka na umaarufu kuwa ni alama mbaya katika jambo la namna hii, na kutumia madai ya maono kuwatawala watu kuwa ni kosa zito. Kwa kanuni hizo, jibu la juu ambalo askofu hutoa kwa kawaida ni kwamba hakuna kizuizi: watu wasali, bila kutamkiwa kwamba tukio lilitoka mbinguni. Medjugorje, kijiji cha Bosnia na Herzegovina, ilipewa jibu hilo Septemba 2024, miaka 43 baada ya vijana wa huko kusema wamemwona Bikira Maria. Na hata Kibeho iliyothibitishwa, hakuna Mkatoliki anayelazimishwa kuiamini. Katekisimu yasema wazi kwamba mafunuo ya namna hii hayaongezi kitu juu ya Kristo. Asiyetaka kwenda Rwanda, Subukia, mahali petu pa hija karibu na Nakuru, iko hapa nchini, na asiyekuwa na nauli ya Subukia ana rozari yake.

Niliporudi, jirani yangu, bibi wa Kiislamu tuliyeshiriki ukuta mmoja miaka mingi, alinijia na sahani ya mahamri akaniuliza, "Haya mwalimu, Bibi Maryamu amekwambiani?" Hakuuliza kwa kejeli. Kwao ana sura nzima yenye jina lake, ya 19, na yeye huijua kwa moyo. Nilimweleza habari za mto na kanisa na Likoni. Akakaa kimya kitambo. Kisha akanisimulia kitu ambacho hajapata kunisimulia: mwaka 1997 alikuwa akiishi Likoni, na kwa siku tatu aliwaficha chumbani mwake mke na watoto wa fundi mmoja wa bara, na kila aliyebisha mlangoni akamwambia ndani mna mgonjwa.

Tarehe 28 Novemba, siku ya Mama wa Kibeho, jumuiya yetu husali Rozari ya Mateso Saba saa kumi na moja jioni, nyumbani kwangu. Bibi huyo huja akakaa kibarazani hadi tumalize. Mhariri, namwalika mwandishi wa barua ile, na wewe ukitaka. Aje na maswali yake yote, yawe makali atakavyo. Mlango utakuwa wazi, na hakuna atakayeuziwa maji.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mombasa