Rajabu, kabla hujanunua hiyo laptopu

Kampala

Ndugu yangu Rajabu,

Salamu nyingi kutoka huku, natumai mko wazima hapo Arua na mama mguu wake unaendelea kupata nafuu. Meseji yako nimeiona, ile unauliza ununue laptopu gani na programu gani ndo nzuri kwa kutengeneza picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa, zile mtu akiangalia anaapa ni foto. Nikaona nikikujibu kwa meseji nitakatakata maneno, na hii kazi naipenda sana, bora nikuandikie kwa kirefu.

Pesa yako kaa nayo kwanza. Blender, programu ya kujenga vitu vya 3D na kuvitoa kama picha, ni ya bure, na sio ile bure ya kuiba, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu tangu 2002, alafu ndani yake kuna Cycles ambayo kazi yake ni kufuata miale ya mwanga, inagonga ukuta, inaruka, inagonga sakafu, inaruka tena mpaka inaishiwa nguvu. Hesabu ya mambo hayo James Kajiya aliiandika 1986, na hao wakubwa wa kulipia kina V-Ray na Corona nao wanasimama juu ya hesabu hiyohiyo. Vijana watakwambia bila V-Ray wewe sio mtu, mwingine atasema Lumion ndo haraka, mwingine D5. Wasikilize kwa heshima alafu urudi kwenye Blender yako. Anayeanza hakwami kwa programu, anakwama kwa jicho, yaani anatengeneza kitu na hajui kwa nini kinaonekana cha uongo, na hakuna laptopu inayouza jicho.

Sa fanya hivi. Usianze na ile vila ya intaneti yenye bwawa la kuogelea na vioo kila upande, kwani hiyo hujawahi kuingia, utajuaje kama umeikosea? Chukua duka la mjomba wako pale barabarani. Nenda na futi ya kamba upime kila kitu, mlango, kimo cha dirisha, unene wa ukuta, mabati yametokeza kiasi gani nje ya ukuta, hata grili. Piga picha saa tatu asubuhi na zingine saa kumi jioni, usimame palepale. Alafu lijenge kwenye Blender kwa vipimo halisi, mlango wa mita 2.1 uwe mita 2.1, weka kamera pale ulipokuwa umesimama, uweke renda yako, yaani picha iliyotoka kwenye Blender, na foto sambamba uanze kutafuta wapi zinapishana. Utaona vitu vingi mpaka uchoke, na kila kimoja utakachokirekebisha ndo somo lenyewe. Duka moja ukilipiga hivo mpaka likubali, utakuwa umejifunza kuliko mtu aliyeangalia video za mafunzo mwaka mzima.

Na nikitaja video, angalia hapa kwa makini. Nyingi zinatengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani na jua lao sio letu. Kule jua linaweza kukaa chini siku nzima, vivuli virefu, mwanga laini wa buluu, na jioni inachukua muda kuisha. Wewe ukiiga hiyo alafu uweke nyumba ya Arua chini yake, mtu wa hapa ataiangalia na moyo wake utakataa hata kama hawezi kueleza kwa nini. Kuna kiendelezi cha Blender kinaitwa Sun Position, kinachoweka jua mahali pake, kishushe ukiwashe, uandike mahali pa Arua, latitudo digrii 3 kaskazini, longitudo karibu 31 mashariki, saa za kwetu ni +3. Hapo utaona kitu ambacho wengi hawakijui, kwamba jua la Arua halifiki juu kabisa saa sita, linafika karibu saa saba, sababu saa zetu zinafuata digrii 45 mashariki na nyinyi mko magharibi ya hapo. Mwisho wa Machi hiyo saa saba jua liko utosini, kivuli cha mabati kinashuka wima ukutani na ukuta unapata mwanga wa kuparuza tu. Mwezi wa sita jua limehamia kaskazini, mchana ukuta unaotazama kusini uko kivulini. Mwezi wa kumi na mbili kinyume chake. Akitekti akikwambia mteja anataka kuona veranda ya kusini inavyopata jua mchana, usiweke jua mahali panapopendeza tu, weka linapokaa. Kama umeachiwa kuchagua saa mwenyewe, chagua saa mbili au saa tatu asubuhi, ama saa kumi na moja jioni, kuta zinapata upande wa mwanga na upande wa kivuli na umbo linasimama. Machweo ya kwetu nayo ni mafupi, jua linadondoka moja kwa moja na giza linakuja haraka.

Alafu udongo! Hiki ndo kitu napigania kila siku hapa ofisini. Udongo wetu mwekundu ukipigwa na jua unarusha wekundu juu, angalia chini ya mabati ya nyumba yoyote hapo kwenu, angalia ukuta mweupe karibu na ardhi, hauko mweupe, una wekundu fulani hivi wa joto. Cycles itakufanyia hiyo bila kuombwa, mradi tu umeweka ardhi yenye rangi ya kweli. Lakini watu wanatandaza nyasi za kijani kila mahali kama uwanja wa gofu, na mwanga unaorudi unakuwa wa kijani, nyumba inaonekana imeletwa kwa ndege. Na usisahau ile michirizi ya matope chini ya ukuta, mvua ikipiga ardhi inarusha matope mpaka karibu na goti, hakuna nyumba ya hapa iliyopitia msimu wa mvua bila hiyo.

Kwenye Blender rangi inapimwa kutoka sifuri mpaka moja. Nyeupe usiipeleke mwisho kwenye moja kamili, hakuna rangi ya ukuta duniani inayorudisha mwanga wote, weka kama 0.8. Ukiweka moja mwanga hauchoki, chumba kinajaa weupe na pembe zinapotea. Nyeusi nayo isiwe sifuri, hata mkaa unarudisha kidogo, kama 0.04.

Materiali, yaani sura ya uso wa kila kitu, ndo mahali utakaa muda mrefu na ni haki yake. Kuna kipimo kinaitwa rafinesi, kinaamua kama uso wa kitu unaakisi kwa usafi au kwa ukungu. Ukitaka kukielewa nenda jikoni kwa mama, chukua sufuria mpya na ile iliyosuguliwa miaka kwa jivu na mchanga, zote ni alumini, moja unajiona sura, nyingine unaona mwanga tu umetawanyika. Tofauti yao ni rafinesi peke yake. Sakafu ya saruji pia iko hivo, pale watu wanapopita kila siku pamelainika na kung'aa, pembeni pamebaki pakavu, sa ukiweka namba moja kwa sakafu nzima inakufa. Matofali ya kuchoma ni vilevile, siku ukija Kampala nitakupeleka Namirembe tukae karibu na ile kathidro tuangalie kuta zake tu, tofali hili limeiva sana limekuwa jeusi kidogo, lile la machungwa, na saruji ya katikati haiko sawa popote. Ukichukua tekscha moja ndogo, yaani picha ya uso inayobandikwa juu ya kitu, ukairudia ukuta mzima jicho linashika marudio haraka sana, changanya rangi juu yake ipande na kushuka. Na kila pembe ipe beveli, yaani ikate ukali wake kidogo, milimita 2 au 3 tu, pembe kali kama wembe haipo kwenye plasta wala kwenye meza, na ile mistari myembamba ya mwanga kwenye pembe ndo inamwambia mtu hiki kitu kipo kweli.

Tekscha na HDRI za anga, zile picha za anga zinazobeba mwanga wake, utazipata kwenye tovuti ya Poly Haven, bure, na unaruhusiwa hata kwa kazi ya kulipwa. Lakini usimalize bando kwa kushusha za 8K, zile zenye upana wa pikseli kama elfu nane. Tekscha moja ya 8K ikifunguliwa kwenye memori inakula karibu megabaiti 256, ya 2K inakula 16, na kwa ukuta ulioko mita kumi kutoka kwa kamera huoni tofauti. Weka kubwa kwa kile kilicho karibu tu.

Chengachenga, zile nukta nukta kwenye renda, zitakusumbua. Kuzipunguza nusu unahitaji sampuli, yaani miale inayopimwa kwa kila nukta ya picha, mara nne, kwa hiyo ukizifukuza kwa nguvu utakesha. Blender ina dinoiza ya Intel ndani, kazi yake ni kufuta chengachenga, itumie, ila usiipe picha chafu sana, inakufutia viungo vya matofali kila kitu kinakuwa laini. Ukiwa unajaribu tu, toa renda ndogo, robo ya ukubwa inatosha, na kabla ya materiali yoyote vipake vitu vyote kijivu kimoja uangalie mwanga peke yake, mwanga ukiwa mbaya kwenye kijivu rangi haitauokoa. Video nayo usiirende moja kwa moja kama video, itoe picha mojamoja, umeme ukikatika unaendelea pale ulipoishia.

Kamera iweke urefu wa macho ya mtu, kama mita 1.6, iwe sawa isitazame juu wala chini, mistari ya kuta isimame wima. Lenzi kati ya milimita 24 na 35. Wengine wanashuka mpaka 16 ili chumba kidogo kionekane ukumbi, na hapo Rajabu nisikilize. Watu wengi wanaotulipa ni watu walio kazini mbali, wanatuma pesa kidogokidogo kujenga nyumbani, na kiwanja hawajakiona miaka. Wanaamua kwa picha. Nilimwona mzee mmoja alioneshwa na ofisi fulani nyumba yake ikiwa na barabara ya lami mbele na sebule ya kucheza mpira, akakubali, akauza ng'ombe, alipofika akakuta njia ya matope na sebule ambayo makochi hayazunguki. Ile sura yake bado naiona. Kwa hiyo ukuta wa jirani ukiwepo uweke, nguzo ya umeme ikiwepo iweke, mwembe ukiwepo uweke palepale ulipo, na ujue picha itakuwa nzuri zaidi kwa sababu hiyo.

Sa laptopu. Ukishamaliza duka kwenye hiyo kompyuta ya kaka yako, hata kama inachukua usiku mzima, ndo tuongee. Utahitaji ram ya gigabaiti 16, kadi ya picha ya NVIDIA yenye memori yake gigabaiti 8 ukipata, na kwa kweli kwa pesa hiyohiyo kompyuta ya mezani iliyotumika itakufaa zaidi, inapumua, laptopu ikirenda saa nzima inachemka na kupunguza kasi. Mtu yeyote akikuharakisha usinunue, nipigie kwanza nikusomee namba ya kadi.

Nitumie foto za duka na vipimo, na ukianza kurenda nitumie pia hata ile mbaya. Kwenye WhatsApp tuma kama dokumenti sio kama picha, ikituma kama picha inaibana na sitaona pembe zako.

Msalimie mama, na mjomba mwambie asipake rangi duka mpaka umalize.

Wako,
Swaleh